Redio za Ziada Kajiado: Ipi Inafaa Mfuko Wako?

Masafa ya FM ya Nairobi yamejaa. Kati ya 87.5 na 108 MHz ni vigumu kupata nafasi ya kituo kipya bila kukanyaga cha jirani, na Kitengela, iliyo karibu na jiji, imo katika msongamano huohuo. Ndiyo maana kila panapotajwa kuongeza redio, jibu huwa dijitali. Kabla ya kulipokea jibu hilo, msikilizaji aulize mambo mawili: nitalipa kiasi gani, na nitasikia nini ambacho leo sikisikii?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika Kaunti ya Kajiado, 154,436 kati yao wakiwa Kitengela. Kuna mpangaji wa ploti anayedamka kwenda kazini katika viwanda vya EPZ Athi River, na kuna mfugaji wa Bissil, Mashuuru au Magadi anayefuata malisho. Mayian FM na Nosim FM hutangaza kwa Kimaa, na zimefanya kazi kubwa. Lakini kituo kimoja hakiwezi kumpa mfugaji bei ya ng'ombe, mtoto somo la hesabu na dereva habari za barabara ya Namanga kwa wakati mmoja. Haja ya chaneli za ziada ni ya kweli. Tuzipime njia nne za kuzipata.

FM ya kawaida

Hii bado ndiyo rahisi kuliko zote. Redio ndogo ya wati 2, ikisikilizwa saa nne kila siku, hula uniti 0.24 za stima kwa mwezi. Tukikadiria uniti moja kwa shilingi 25, hiyo ni shilingi sita. Pasipo na stima, paneli ndogo ya sola hutosha. Simu nyingi za kabambe nazo zina FM ndani: ukichomeka earphone, waya wake unakuwa antena, na hutumii bando hata kidogo.

Mwenye gari lililotoka Japan ana gharama moja ya kuongeza. Masafa ya FM ya huko huanzia 76 MHz, na redio nyingi za magari hayo hukomea 90, kwa hiyo vituo vya juu havishiki. Fundi hukuwekea ekspanda kwenye waya wa antena ili redio ivisikie. Udhaifu wa FM ni milima inayokata mawimbi, na uhaba wa masafa mapya.

King'amuzi

Tangu Kenya ihamie televisheni ya dijitali mwaka 2015, vyumba vingi vya Kitengela vina king'amuzi, na wengi hawajui kwamba kinaweza kubeba redio pia. Tazama rimoti yako: ving'amuzi vingi vya chaneli za bure vina kitufe kilichoandikwa TV/RADIO. Kibonyeze, na kama mtoa mawimbi ameweka redio, orodha itafunguka. Hakuna malipo ya mwezi kwa chaneli za bure.

Gharama iko kwenye stima. Televisheni na king'amuzi vikila wati 50 kwa pamoja, saa nne kila siku ni uniti 6 kwa mwezi, yaani shilingi 150 kwa bei tuliyokadiria. Unaweza kupunguza: toa waya mwekundu na mweupe wa AV kwenye televisheni, uchomeke kwenye sabufa, kisha uzime skrini. Redio itaendelea kusikika.

Kwa mtangazaji, njia hii ina nafasi ya kutosha. Chaneli moja ya televisheni inayotumia megabiti 2 kwa sekunde huchukua nafasi ambayo ingetosha redio 15 za kilobiti 128. Kasoro yake ni kwamba redio hii haitoki sebuleni. Mchungaji hawezi kuibeba, na stima ikipotea nayo imepotea.

Intaneti

Redio ya mtandaoni ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa. Saa nne kwa siku ni MB 115, na kwa mwezi ni GB 3.5. Ukinunua GB moja kwa shilingi 100, utalipa shilingi 350, mbali na kuchaji simu. Anayesikiliza kwa kilobiti 128 atalipa mara mbili.

Njia hii inamfaa mwenye duka au ofisi yenye Wi-Fi, na kijana anayetaka kipindi kilichompita. Kwa kaya ambayo bando hununuliwa kwa vipande vya shilingi 20, ni ghali.

DAB+

Hii ndiyo redio ya dijitali yenyewe. Mawimbi yenye upana wa 1.536 MHz yanaweza kubeba vituo 18 hivi vya kilobiti 64, kwa hiyo mlingoti mmoja unahudumia wengi. Tatizo ni kipokezi. Redio uliyo nayo nyumbani haiwezi kuyanasa, simu za kawaida haziwezi, na gari la Japan haliwezi kwa kuwa Japan haikuchagua mfumo huo. Norway ilipoondoa vituo vya kitaifa kwenye FM mwaka 2017, wenye redio za zamani walilazimika kununua kipokezi kipya au kifaa cha kuongezea. Kaya ya Kajiado haipaswi kubebeshwa mzigo huo. Usinunue redio ya DAB+ leo kwa ahadi ya chaneli za kesho.

Kipindi kifuate kifaa

Nawasihi wanaopanga chaneli mpya wajiulize kwanza msikilizaji wanayemlenga ameshika kifaa gani.

Bei za mnada, chanjo za mifugo na hali ya ukame zibaki FM, kwa Kimaa, kwa sababu mfugaji anabeba redio ndogo. Mfano upo: Idara ya Hali ya Hewa iliwahi kusaidia redio ndogo za jamii kupitia mpango wa RANET, ikiwemo Oltoilo Le Maa kule Suswa, ili utabiri uwafikie watu kwa lugha yao. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame nayo hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 kame, Kajiado ikiwemo. Taarifa hiyo isipofika malishoni kwa sauti, haimsaidii anayeamua leo kama auze ng'ombe wawili au angoje mvua.

Masomo ya watoto na hadithi za wazee zinafaa king'amuzi, kwa kuwa mtoto yuko nyumbani jioni. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, masomo ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) yalipitia redio za shirika la utangazaji la KBC, na wasio na intaneti walipata pa kujifunzia. Chaneli ya kudumu ya masomo ingetuwekea akiba kabla ya dharura nyingine.

Habari za Kitengela zenyewe, yaani maji, kazi, vikao vya bunge la kaunti na mizozo ya ploti, zirekodiwe na kuwekwa mtandaoni kwa vipande vifupi. Kipande cha dakika kumi kwa kilobiti 64 hakifiki MB 5, na mtu hukisikiliza anapopata nafasi.

Uamuzi

Mfugaji na kaya isiyo na stima: FM, bila kusita. Mpangaji mwenye king'amuzi: bonyeza kitufe cha redio kabla ya kununua chochote. Mwenye Wi-Fi: intaneti. DAB+: ngoja.

Mamlaka ya Mawasiliano inapoomba maoni ya umma kuhusu masafa, andika, au mtume mwakilishi wa kundi lenu. Dai chaneli ya Kimaa inayofika malishoni na chaneli ya masomo isiyolipishwa. Chaneli ishirini za muziki uleule hazitatupunguzia hasara ya hata ng'ombe mmoja.