Gharama ya Futi Tano

Mtu anayetafuta mashua ya matanga ya kusafiria mbali huanza na urefu wake, na ushauri anaopewa gatini mara nyingi ni mmoja: chukua kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Si rahisi kuupima ushauri huo, kwa kuwa mashua mbili zinazolinganishwa aghalabu hutofautiana kwa mengi: aliyezichora, mbao au plastiki, ustadi wa mabaharia. Kwa bahati kuna jozi moja inayotuondolea karibu vikwazo hivyo vyote. Larry Pardey, Mkanada, na mkewe Lin, Mmarekani, walijiundia mashua mbili huko California. Seraffyn ilishuliwa mwaka 1968, na Taleisin mwaka 1983. Zote mbili zilichorwa na Lyle Hess, zote ni za mbao zenye mlingoti mmoja, na hakuna iliyokuwa na injini. Kilichobadilika hasa ni ukubwa. Ukizilinganisha utaona kwamba futi chache za ziada huongeza uzito na kazi haraka kuliko zinavyoongeza mwendo, kwa hiyo urefu unapaswa kuamuliwa na safari na wasafiri, si na mfuko peke yake.

Seraffyn ina urefu wa futi 24 na ushei, na Taleisin inakaribia futi 30. Tofauti hiyo ni kama moja ya tano tu, lakini uzito uliruka kutoka takriban tani 5 hadi takriban tani 8. Sababu ni kwamba chombo hakikui kwa urefu pekee. Hupanuka na kuzama zaidi pia, na vipimo hivyo vitatu huzidishana. Mwendo haukui hivyo. Chombo kizito cha aina hii hufungwa na wimbi kinalolizusha chenyewe, na kikomo chake hutegemea kipeuo cha pili cha urefu unaogusa maji. Kwa Seraffyn kikomo hicho ni maili za baharini 6.3 hivi kwa saa, na kwa Taleisin ni kama 7. Katika safari ya maili 2,000, hata kama zote zingekwenda kwa kikomo mwanzo hadi mwisho, kubwa ingetangulia kwa saa 30 hivi. Ni faida ya kweli, ila imelipiwa kwa tani tatu.

Tani hizo huhisiwa mikononi. Chombo kisicho na injini huingia bandarini kwa tanga au kwa kasia, na baharia ndiye anayebeba mzigo wote. Chombo kizito kinataka tanga kubwa zaidi, na tanga hilo likijaa upepo usiku, ni mtu yule yule anayelishusha na kulipunguza. Nanga nayo lazima iwe nzito zaidi na mnyororo wake mnene zaidi. Maji yakipwa na chombo kikalazwa ufukweni ili kukwangua chaza na kupaka rangi, eneo la kusuguliwa limeongezeka kwa zaidi ya theluthi. Hayo si ya mara moja. Hurudi mwaka baada ya mwaka, yakila muda na fedha ambazo zingetumika safarini.

Wapo watakaosema kwamba bahari haimhurumii mdogo, na wana hoja. Chombo kirefu na kizito hakipinduliwi na wimbi kwa urahisi kama kifupi. Dhoruba iliyoyakumba mashindano ya mashua ya Fastnet, Agosti 1979, iliua mabaharia 15, na mashua ndogo ndizo zilizoumia zaidi. Hata hivyo, katika daraja la ndogo kabisa mashua moja ilimaliza: Assent, ya aina ya Contessa 32, yenye umbo jembamba na mkuku mzito. Ukubwa unasaidia, lakini umbo, uimara na anayeshika usukani vina uzito wao. Seraffyn yenyewe iliizunguka dunia kwa takriban miaka 11 ikiwa na watu wawili tu. Wengine watasema winchi za umeme zimemaliza tatizo la nguvu. Zimelipunguza, naam, ila umeme hukatika, na chumvi haina msamaha. Winchi ikigoma katikati ya upepo mkali, tanga linabaki na ukubwa ule ule, na mikono ni ile ile miwili.

Hoja nzito zaidi ni kwamba akina Pardey wenyewe waliiacha ndogo wakahamia kubwa. Ni kweli, na hawakukosea. Taleisin iliwapa nafasi zaidi ya chakula, maji, zana na vitabu, hata beseni la kuogea kwa kuketi, jambo ambalo aliyekaa wiki tatu kwenye chumvi hawezi kulidharau. Lakini tazama walivyohama: baada ya kujua kwa uzoefu wa miaka mingi wanahitaji nini, na kwa futi tano hivi tu. Walikuwa na ujuzi wa kuunda kikubwa zaidi, lakini walisimama pale nguvu zao wawili zilipotosha bila injini. Na ukubwa huo ulitosha: mwaka 2002 waliizunguka Rasi ya Horn kwa Taleisin kuelekea magharibi, dhidi ya pepo zinazotawala huko. Kwa hiyo kuhama kwao ni ushahidi wa kipimo kizuri.

Basi, unayetamani kusafiri kwa tanga, kabla ya kuuliza bei andika majibu ya maswali manne: mtakuwa wangapi, mtakwenda wapi, mtakaa baharini siku ngapi mfululizo, na nani atashusha tanga usiku mwenzake akiwa mgonjwa. Kisha chagua chombo kidogo kabisa kinachotimiza majibu hayo kwa usalama. Fedha itakayobaki nunulia matanga mazuri, nanga ya kuaminika na muda wa kujifunza.