Mdomo mwembamba, tumbo pana: kifaa kikikwama kisimani nani analipa?

Mwenye gesti anayechimba kisima nyuma ya nyumba yake mjini Tunduma na mtu aliyenunua hisa za kampuni ya kutafuta gesi hawakutani mara nyingi katika ukurasa huu. Wiki hii tunawaweka pamoja. Fedha za wote wawili zinategemea vifaa vya aina moja: chuma kinachoteremshwa shimoni kikiwa kimefumba, kikifika chini kinafunguka na kukata, kisha ni lazima kifumbe tena ndipo kitoke. Kikifumba, hakuna anayekitaja. Kikigoma, hasara inaanza kuhesabiwa kwa saa.

Tuanze na maji. Tunduma imekua kwa kasi kuliko mabomba yake. Foleni za malori ya kwenda Nakonde na Copperbelt zilikuwapo kabla ya kituo cha pamoja cha forodha kufunguliwa mwaka 2019, na zimeendelea kuvuta gesti, mahoteli, gereji na sehemu za kuoshea magari. Biashara zote hizo zinakunywa maji. Ndiyo maana mwenye mtaji kidogo anafikiria kuchimba kisima chake, na kibali anakifuata kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa chini ya sheria ya mwaka 2009.

Swali la kwanza analouliza ni bei ya mita moja. Kwa maoni yetu hilo ni swali la tatu au la nne.

Ardhi ya nyanda hizi kwa kawaida ina tabaka mbili. Juu kuna udongo na mwamba uliooza, chini yake mwamba mgumu wa kale. Mwamba mgumu hausumbui: nyundo ya upepo inaupiga na shimo linasimama lenyewe. Tabaka la juu ndilo linalobomoka. Kulizuia inabidi kuteremsha kesingi, yaani bomba la chuma la kushika kingo. Hapo linatokea fumbo dogo. Shimo lazima liwe pana kuliko bomba ili bomba lishuke, lakini biti inayochimba shimo hilo lazima iwe nyembamba kuliko bomba ili ipite ndani yake.

Jibu lililoenea sana lilitoka Uswidi katika miaka ya 1970, kwa kazi ya Atlas Copco na Sandvik, nalo linaitwa ODEX. Mbele kuna biti ndogo ya kuongoza. Nyuma yake kuna jino pana lililofungwa pembeni ya kitovu cha mhimili. Mtambo ukizunguka upande wa kulia, jino hilo linachomoza na kukata shimo pana kuliko kesingi, na kesingi inafuata nyuma likiwa bado linachimba. Mwamba mgumu ukifikiwa, fundi anazungusha kinyume kidogo, jino linarudi ndani, na kifaa chote kinapandishwa kupitia ndani ya kesingi. Baada ya hapo biti ya kawaida inaendelea.

Ubaya wake uko katika ule mzunguko wa kinyume. Mchanga ukijaa nyuma ya jino, jino halirudi. Fundi asiye na subira akizidisha kuzungusha kinyume, anafungua nati za fito zake mwenyewe na kuziacha chini. Dawa ni kupuliza shimo mpaka lisafike kabla ya kufumba, na upepo huo unatoka kwenye kompresa inayokula dizeli. Mwenye mtambo anayebana dizeli siku hiyo anaweza kuacha kifaa chake shimoni.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji asiuziwe. Wapo wanaoshawishi wateja kwamba kisima kikipanuliwa maji yanaongezeka kwa kiasi kilekile. Si kweli. Kanuni ya siku nyingi ya wachimba visima ni kwamba ukiongeza kipenyo maradufu, kutoka inchi 6 hadi 12, maji yanaongezeka kwa takriban 10% tu. Kupanua kuna faida yake, lakini ni nyingine: kunaacha nafasi ya kumwaga changarawe kuzunguka bomba lenye matundu, ili mchanga laini usiingie kwenye pampu. Palipo na mchanga, faida hiyo ni kubwa, kwa sababu pampu iliyosagwa na mchanga ni gharama inayojirudia. Kwenye mwamba mgumu ulio na nyufa, anayelipia upana anatupa fedha.

Sasa tushuke kutoka Tunduma hadi bonde la Rukwa, wilaya ya Momba, kwenye chemchemi za moto na chumvi ya Ivuna. Amoco ilichoronga hapo kisima cha Ivuna-1 mwaka 1987 ikitafuta mafuta, ikaondoka mikono mitupu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde hilo lina heliamu nyingi, gesi inayotumika kupoza mashine za MRI na katika viwanda vya vipuri vya kompyuta. Kampuni ikaingia soko la AIM la London Desemba 2020. Kisima cha kwanza, Tai-1, kilionyesha dalili za gesi mwaka 2021 lakini hakikuitoa juu, na hisa zikaanguka. Mwaka 2023 kampuni ikanunua mtambo wake yenyewe, wa Epiroc, kampuni iliyozaliwa kutoka Atlas Copco. Februari 2024 kisima cha Itumbula West-1 kikaleta gesi yenye heliamu 4.7%, na mwaka 2025 ikapata leseni ya uchimbaji, serikali ikiwa na 17%.

Mwenye hisa akisoma taarifa za visima vya namna hii, aangalie vipenyo. Kisima kirefu hujengwa kama seti ya sufuria: kila kesingi inakaa ndani ya iliyotangulia. Kila tabaka bovu linalolazimisha kesingi nyingine linapunguza upana, na kisima kinaweza kufika kwenye gesi kikiwa chembamba mno kupimwa vizuri. Kipanuzi kinarudisha sehemu ya upana huo. Kupitia kesingi ya inchi 13.375 hupita biti ya inchi 12.25, kipanuzi kilicho nyuma yake kinaweza kufungua shimo hadi inchi 14.75. Hiyo ni nyongeza ya moja ya tano kwa kipenyo, lakini eneo la shimo linaongezeka kwa 45%, nafasi ya kutosha kwa kesingi nyingine na saruji yake.

Kwa nini kisifunguke zaidi? Kwa sababu visu vinahitaji vyumba ndani ya mwili wa chuma, na katikati lazima ibaki njia ya matope ya kuchorongea. Kila chumba kinachochongwa kinapunguza nguvu za mwili huo, nao ndio unaobeba uzito wote. Vipanuzi vingi huishia kwenye robo moja ya ziada. Vile vya zamani vilikuwa na mikono yenye bawaba, kama mwavuli. Pini ikikatika, mkono unabaki chini, na wachorongaji wanaanza kazi wanayoiita kuvua. Vya sasa, kama Rhino ya Schlumberger, hutumia vipande vinavyoteleza kwenye mifereji ya mshazari. Vingi huanzishwa kwa kutumbukiza gololi ya chuma: presha ya pampu inavisukuma visu juu na nje dhidi ya springi. Pampu ikizimwa, springi inavirudisha. Springi ikishindwa, fundi anavuta juu, visu vinagonga mdomo wa kesingi na kusukumwa chini, yaani ndani. Ni wazo rahisi ambalo limeokoa visima vingi.

Vifaa hivyo hukodishwa, na mikataba mikubwa huwa na kifungu cha kifaa kilichopotea shimoni: anayetajwa humo ndiye anayelipa. Katika mikataba ya visima vya maji kifungu hicho mara nyingi hakimo, au makubaliano yote ni ya mdomo. Jino likikwama mita 30 chini, shimo linafukiwa, mtambo unasogezwa hatua chache na kazi inaanza upya. Mwenye gesti akiwa amekubaliana bei ya mita bila neno jingine, atadaiwa mita 30 za shimo lililofukiwa pamoja na zile za shimo jipya. Sentensi moja inatosha kuzuia hilo, kwamba mita zinazolipwa ni za kisima kilichokamilika na kupimwa kwa pampu, na iandikwe kabla lori la kompresa halijaingia uani.