KQ Isiolo: Swali Lisilochoka

Tangu uwanja wa ndege wa Isiolo ufunguliwe rasmi mwaka 2017, wataalamu wa usafiri wa anga huulizwa jambo lile lile Meru na Embu: Kenya Airways (KQ) italeta lini ndege yake, miraa ipae moja kwa moja hadi ng'ambo?

Ng'ambo ipi? Uholanzi ilipiga miraa marufuku, na Uingereza ikafuata mwaka 2014. Soko kubwa lililobaki ni Somalia, iliyofunga mlango Machi 2020 na kuufungua Julai 2022. Mzigo wa huko haungoji ndege ya taifa. Hubebwa na ndege za kukodi.

Hapo wabishi huhamia kwenye njia ya kurukia. Ya Isiolo ina mita 1,400 hivi, sawa na ya Malindi, ambako Dash 8 za Jambojet, kampuni tanzu ya KQ, hutua bila taabu. Basi Isiolo ina kasoro gani? Kimo! Malindi iko kando ya bahari. Isiolo iko zaidi ya mita 1,000 juu yake, na mchana jua huwaka kweli kweli. Hewa ya namna hiyo ni nyepesi: bawa halipati cha kushika, injini hupungukiwa nguvu, ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Rubani hana ujanja ila kupunguza uzito, na kinachoachwa chini ni abiria na mizigo, yaani hela yenyewe. Boeing ya KQ iliyojaa isitajwe kabisa.

Njia irefushwe, basi? Eldoret ina karibu mita 3,500, na bado ndege za KQ hazijazani huko. Safari za Eldoret na Nairobi hufanywa na Jambojet na kampuni nyingine. Ndege hufuata viti vilivyojaa. Safari za abiria zilizojaribiwa Isiolo hazikudumu.

Swali hili likitoka Embu ndipo linaposhangaza zaidi. Muguka, aina ya miraa ya Mbeere, hushuka Pwani kwa barabara. Kuipeleka Isiolo ni kuirudisha nyuma. Msafiri wa Embu naye ana kilomita 130 hivi tu hadi Nairobi, pungufu ya safari ya Isiolo kupitia Chuka na Meru.

Yanayowezekana ni machache: ndege ndogo, iondoke alfajiri hewa ingali baridi, itue uwanja wa JKIA, Nairobi, badala ya Wilson ili msafiri asivuke jiji na masanduku, mkataba wa tiketi moja na KQ, mzigo upitilizwe hadi mwisho wa safari, chumba baridi na ukaguzi wa mizigo palepale Isiolo. Kwa sasa, mwenye safari ya mbali kutoka Meru atoke mapema kwa barabara, asisahau msongamano wa Thika Road.

Wakulima wakikutana tena na mbunge wao, wamwulize kuhusu ratiba, chumba baridi na ukaguzi. La KQ waliache.