Ukali wa Dawa Si Ubora wa Usafi

Kila masika yanapokwisha, visiwa vyetu hubakiwa na kazi isiyopendwa: kuondoa udongo katika sare za wanafunzi, sakafu za hospitali na kuta za majumba. Wengi huamini kuwa dawa iliyo kali zaidi ndiyo bora zaidi. Imani hiyo haina budi kusahihishwa, kwani inatugharimu nguo, majengo na hata afya.

Chembe za kinamo ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita. Hupenya kati ya nyuzi za pamba mahali ambapo brashi haifiki. Sabuni ina ncha mbili, moja hupenda maji na nyingine hupenda mafuta. Huyabandua mafuta yaliyoushika udongo, vyote vikachukuliwa na maji. Lakini maji ya visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, nayo huizuia sabuni isitoe povu na huunganisha udongo na nguo. Magadi ya kufulia huifunga chokaa hiyo, sabuni ikapata nafasi ya kufanya kazi.

Wekundu wa kinongo ni jambo jingine, kwani asili yake ni kutu ya chuma. Klorini haiuondoi. Asidi dhaifu, kama ya ndimu, huuyeyusha taratibu. Lakini asidi ikimwagwa juu ya lipu ya chokaa huila lipu pamoja na uchafu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejengwa kwa matumbawe na chokaa. Kuusafisha kwa asidi ni kuubomoa kidogo kidogo.

Lililo zito zaidi ni kuchanganya dawa. Klorini ya kung'arishia ikikutana na asidi ya kusafishia choo hutoa hewa ya sumu, ile ile iliyotumiwa vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915.

Kwa hiyo, wakuu wa idara wanaonunua dawa hizi wana wajibu wa kuhakikisha kuwa kila chupa ina maelezo ya Kiswahili, na kwamba wafanyakazi wa usafi wanapewa glavu na mafunzo. Nasi wananchi tuache kuzitia dawa katika chupa za soda, ambazo mtoto huzidhania kinywaji. Tope liachwe likauke, likung'utwe, nguo isuuzwe kwa maji matupu, kisha ifuliwe kwa sabuni. Dawa kali iwe ya mwisho, na itumiwe peke yake.