Simbilisi wa Baltimore na madirisha ya Lima

Mwishoni mwa miaka ya 1950, juu ya wodi ya kifua kikuu (TB) katika hospitali ya askari wastaafu mjini Baltimore, Marekani, kulikuwa na vizimba vya simbilisi. Wanyama hao hawakumkaribia mgonjwa yeyote. Kilichowafikia kutoka wodini ni hewa tu, iliyovutwa kwa mabomba. Miezi ikapita, nao wakaanza kuambukizwa, mmoja baada ya mwingine. Kundi la pili lilivuta hewa ya wodi hiyohiyo, ila ilipigwa kwanza na mionzi ya urujuanimno. Hilo lilisalimika.

Jaribio hilo la William Wells na Richard Riley lilithibitisha jambo ambalo Wells alilieleza tangu 1934: tone dogo linalotoka kinywani hukauka kabla ya kufika sakafuni, likaacha chembe nyepesi inayoweza kuelea kwa saa kadhaa. Mgonjwa anaweza kuwa amekwisha ruhusiwa na kupanda daladala, huku alichokikohoa bado kinazunguka kwenye foleni ya wenzake.

Tiba inayokuja haraka akilini ni mashine yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa angalau 99.97% ya chembe zenye upana wa mikromita 0.3. Kwa nini 0.3? Si kwa sababu hakuna chembe ndogo zaidi. Chembe kubwa hushindwa kukata kona kati ya nyuzi za kichujio, zikazigonga na kunata. Zile ndogo mno husukumwasukumwa na molekuli za hewa, zikayumba hadi zikagusa uzi. Za ukubwa wa kati ndizo zinazopenya kwa urahisi kuliko zote, hivyo kichujio hupewa mtihani wake mgumu kabisa.

Hata hivyo, kichujio husafisha hewa inayokipitia tu. Kwa hiyo wataalamu huuliza kwanza: hewa ya chumba hiki hubadilika mara ngapi kwa saa? Ikibadilika mara 2, kuondoa 99% ya chembe huchukua dakika 138. Ikiwa mara 6, dakika 46. Ikiwa mara 12, kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vipya vya kutengea wagonjwa wa TB, dakika 23.

Mwaka 2007, Rod Escombe na wenzake walichapisha vipimo vya hospitali nane za Lima, Peru. Waliachia gesi ya kaboni dioksidi chumbani, kisha wakapima inavyopungua. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ilibadilika kama mara 28 kwa saa. Majengo ya kabla ya 1950, yenye dari za juu na madirisha mapana, yalifikia 40. Yale mapya, 17. Naona kuna somo hapo kwa wanaobomoa wodi za kale ili wajenge vyumba vya dari fupi na vioo visivyofunguka, kisha wakatundika kiyoyozi ukutani. Kiyoyozi cha kawaida cha aina hiyo hakileti hewa mpya. Hupoza ileile iliyomo, pamoja na vyote vinavyoelea ndani yake, na kwa kuwa kinapoza, kila anayeingia hufunga dirisha.

Dirisha nalo lina kasoro zake. Upepo ukitulia, hewa hutulia. Usiku wagonjwa hufunga kwa baridi au kwa mbu, na wavu wa mbu wenyewe hupunguza hewa inayoingia.

Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa 2011, ilibuniwa ili kukabili kasoro hizo. Wasanifu wake, MASS Design Group, walikuwa na Tugela Ferry akilini, kule Afrika Kusini, ambako mwaka 2006 iliripotiwa kuwa wagonjwa 53 walipatikana na TB sugu kupindukia na 52 kati yao wakafariki. Wengi walikuwa wamewahi kulazwa. Butaro haina ukumbi mwembamba wa ndani wa watu kubanana wakisubiri: njia zake ziko nje, barazani. Vitanda vimeelekezwa madirishani. Feni kubwa zinazozunguka polepole huipandisha hewa hadi kwenye taa za urujuanimno, zilizofungwa juu zisichome macho na ngozi za watu.

Taa hizo zina hila moja ambayo mafundi wa hospitali wanapaswa kuijua. Nguvu ya kuua vimelea hupungua kadiri taa inavyozeeka au kushika vumbi, lakini mwanga wake wa bluu huendelea kuonekana vilevile. Kuitazama hakutoshi, inahitaji kufutwa, kupimwa kwa kifaa chake na kubadilishwa kwa wakati, na fedha ya kazi hiyo iwemo kwenye bajeti siku ileile taa inaponunuliwa.