Ngitili, akiba ya kiangazi

Mwulize Msukuma mwenye ng'ombe ngitili ni nini; hatakuambia ni msitu. Atakuambia ni malisho ya kiangazi. Ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zikue na kukauka zikiwa zimesimama. Karibu Julai au Agosti, mavuno yakishatoka na mabua shambani yakiisha, hufunguliwa kipande kwa kipande. Wanaofikiriwa kwanza ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia, wasioweza kufuata majani ya mbali. Miti, tuseme ukweli, haikuwa lengo. Ililindwa kwa kuwa imesimama mahali palipolindwa.

Wakoloni walitazama pori hilohilo wakaona makao ya mbung'o. Kuanzia miaka ya 1920 sehemu kubwa za Shinyanga, Tanzania, zilifyekwa ili mdudu huyo akose kivuli. Kisha pamba ikadai mashamba. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 nayo ikawahamishia watu kwenye makazi ya pamoja, na ngitili zilizokuwa jirani na maboma yao zikabaki hazina mwangalizi.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ulianza na vitalu na miche. Ndivyo tulivyofundishwa sisi watu wa misitu: palipo peupe, panda. Lakini mche unataka maji na mtu wa kuufukuzia mbuzi, ilhali chini ya ardhi ileile visiki na mizizi ya migunga vilikuwa hai bado, vinasubiri kupumzishwa tu. Mradi ukageukia ngitili. Dagashida, baraza la jadi, likaweka sheria, sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakazisimamia, aliyeingiza mifugo kabla ya wakati akatozwa faini. Ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600 mwaka 1986. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000.

Tusizipambe kupita kiasi. Nyingine ni za kijiji au za shule, ila nyingi ni za kaya, na mwenye ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa.

Sisi huzihesabu hekta hizo kuwa msitu uliorejea. Mwenye ng'ombe, ikifika Oktoba, hupita humo akipima kwa macho kama majani yaliyobaki yatafika mpaka mvua.