Motokari ikizimika mu mayi, usiguse kontakte

Musimu ya mvua, njia za kwenda ku kariere zinakatwa na mito. Jeep ndiyo inapandisha chakula na kushusha wagonjwa. Ikifia mtoni, jamaa nzima inaumia. Na mara nyingi, si mayi peke yake inaua motere, ni dereva mwenye haraka.

Kamata seringi isiyo na shindano. Jaza hewa, ziba tundu kwa kidole, sukuma: inaingia. Jaza mayi, sukuma tena: inakataa. Mu motere ni vile vile. Mayi ikipita ku filtre ya hewa, pistoni inapanda, inakuta mayi isiyofinyika, na biele inapindika.

Kwa hiyo, mbele ya kuingia, motere ipoe kidogo. Mtu mmoja apime kwa fimbo. Mayi ikipita magoti, ao ikimusukuma, mungoje ipunguke. Mufunge bache mbele ya radiatere. Tia 4L, vitesi ya kwanza ao ya pili, twende polepole bila kusimama wala kubadilisha vitesi.

Ikizimika, usiiwashe hata mara moja. Batu washuke, muivute kwa kamba. Ku nchi kavu, fungua filtre. Imelowa? Mekanisiye atoe kwanza enjektere, azungushe motere, mayi itoke. Mafuta ikifanana na chai ya maziwa, imwangwe yote, mutie mupya.

Kuvuta kwa kamba ni kazi ya saa moja. Biele iliyopindika inaweza kula mapato ya miezi.